Richard Owen: Aliyetenganisha kufanana na undugu

Mwaka 1997 nilikuwa mfanyabiashara mdogo wa dagaa na kayabo. Nilinunua mzigo pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, nikauleta Kigali. Asubuhi moja mama muuza samaki alinionyesha vikapu viwili. Kimoja kilikuwa na sato wakavu, kingine kamongo waliokatwa vipande na kukaushwa kwa moshi. Aliniambia kamongo si samaki kama wengine. Ukimweka kwenye beseni bila maji usiku kucha, asubuhi unamkuta hai anahema kama mtu. Nilicheka, nikanunua sato, nikaondoka.

Siku mbili baadaye nilikwama mpakani. Ofisa aliyekuwa zamu aliangalia karatasi zangu, akaangalia uso wangu, akasema sura hii si ya nchi iliyoandikwa humo. Nilizaliwa Karagwe mwaka 1964, wazazi wangu wakiwa wakimbizi, na nilirejea nyumbani mwaka 1995. Hayo yote nilimweleza, lakini yeye aliamini macho yake kuliko karatasi. Nilisubiri nusu siku, mvua ikanyesha, na magunia matatu ya dagaa yakaharibika.

Nimeyaweka mambo haya mawili pamoja kwa sababu yanakutana kwa mtu mmoja aliyefariki zamani, Mwingereza Richard Owen. Ndiye aliyeipa dunia neno dinosaria. Ndiye pia aliyeifundisha sayansi kutofautisha vitu vinavyofanana na vitu vilivyo ndugu. Lakini maisha yake yana kioja. Alilitengeneza neno la undugu, kisha akakataa kulifuata hadi lilikoelekea.

Mwana wa Lancaster

Owen alizaliwa tarehe 20 Julai 1804 katika mji wa Lancaster, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mfanyabiashara aliyesafirisha bidhaa kati ya Uingereza na visiwa vya Karibi. Alifariki mwaka 1809, mtoto akiwa na miaka mitano, na malezi yakabaki kwa mama.

Mwaka 1820 alipelekwa kujifunza kazi kwa daktari wa upasuaji wa mjini kwao. Huko alipata nafasi ya kuhudhuria uchunguzi wa maiti za wafungwa katika gereza la Lancaster, na hapo ndipo mapenzi yake ya mifupa yalipoanza. Mwaka 1824 alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh. Hakukaa sana, akahamia London katika hospitali ya Mtakatifu Bartholomew, na mwaka 1826 akapata sifa za udaktari wa upasuaji.

Kazi ya kutibu wagonjwa haikumvuta. Mwaka 1827 aliajiriwa kumsaidia William Clift, mtunzaji wa makumbusho ya Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji. Humo mlikuwa na maelfu ya viungo vya watu na wanyama vilivyokusanywa na daktari John Hunter katika karne ya 18, vingi vikiwa havina maelezo ya kutosha. Owen alipewa kazi ya kuvipanga kimoja kimoja. Mwaka 1835 alimwoa Caroline, binti wa Clift. Walipata mtoto mmoja, William, ambaye alifariki mwaka 1886, kabla ya baba yake.

Jicho lisilodanganyika

Sifa yake ilipanda haraka. Mwaka 1832 alichapisha uchunguzi wa nautilasi, jamaa wa pweza anayeishi ndani ya gamba, na wataalamu wa Ulaya wakaanza kumheshimu. Mwaka 1836 kijana mmoja aliyekuwa amezunguka dunia kwa meli kwa karibu miaka mitano alitambulishwa kwake. Kijana huyo alikuwa amerudi na mifupa ya kale kutoka Amerika Kusini. Owen aliichambua na kuwapa majina wanyama wakubwa waliokwisha kutoweka. Jina la kijana huyo lilikuwa Charles Darwin, na kwa miaka mingi wawili hao walikuwa marafiki.

Mwaka 1839 aliletewa kipande cha mfupa kutoka New Zealand, chenye urefu wa takribani inchi 6 na kisicho na ncha zote mbili. Owen alikitazama, akatangaza kwamba huko kuliwahi kuwa na ndege mkubwa anayekaribia mbuni kwa ukubwa, asiyeruka. Wengi walidhani amejitumbukiza shimoni. Mwaka 1843 yakafika masanduku ya mifupa mingine kutoka huko, na ikaonekana kwamba alisema kweli. Ndege huyo anaitwa moa.

Mwaka 1842 aliwaweka pamoja wanyama watatu wa kale waliokuwa wamegunduliwa na wengine, akaona wanafanana katika mifupa ya nyonga, akawapa jina la jumla la Dinosauria. Miaka mingi baada ya kifo chake, kati ya 1909 na 1913, Wajerumani walichimba mifupa ya aina hiyo Tendaguru, mkoani Lindi, na wapagazi Waafrika wakaibeba hadi bandarini. Mmoja wa wanyama hao amesimamishwa Berlin, urefu wake ukizidi mita 13. Jina tunalomwitia lilitoka kwa Owen.

Samaki anayehema

Sasa turudi kwenye kikapu cha yule mama wa Mwaloni. Katika miaka hiyo ya 1830 wataalamu wa Ulaya walipelekewa mnyama wa ajabu kutoka mito ya Amerika Kusini, na mwingine kutoka Gambia. Ana magamba na mapezi, lakini ndani ana mapafu. Wako waliomweka katika jamii ya wanyama watambaao. Mwaka 1839 Owen alitoa maelezo ya yule wa Gambia na kusema huyu ni samaki. Ni ndugu wa karibu kabisa wa kamongo wetu wa Ziwa Victoria, ambaye alipewa jina la kisayansi mwaka 1851.

Kamongo alileta swali gumu. Samaki wengi wana kibofu cha hewa kinachowasaidia kuelea. Je, kibofu hicho na pafu la kamongo ni kitu kimoja au viwili? Kazi zao ni tofauti, maana kimoja kinaelea na kingine kinahema. Owen alijibu kwamba ukitazama vinapoanzia na vinavyoungana na mwili, ni kiungo kile kile.

Jibu hilo lilihitaji istilahi. Mwaka 1843, katika mihadhara iliyochapishwa, Owen aliweka maneno mawili mezani. La kwanza ni analojia. Viungo viwili vina analojia vikifanya kazi moja, kama bawa la kipepeo na bawa la ndege. Vyote vinaruka, lakini kimoja hakina mfupa hata mmoja, na kingine kimejengwa juu ya mifupa ya mkono. La pili ni homolojia. Hii ni pale kiungo kile kile kinapopatikana kwa wanyama mbalimbali, hata kama umbo na kazi vimebadilika kabisa.

Msomaji, unaweza kulipima jambo hili bila maabara. Ukienda kwa mchinjaji, omba mguu wa mbele wa mbuzi. Juu utakuta mfupa mmoja. Chini yake iko miwili, ingawa kwa mbuzi imeshikamana. Kisha vinafuata vifupa vidogo vya kifundo, na mwisho vidole viwili vyenye kwato. Sasa papasa mkono wako mwenyewe kuanzia begani: mfupa mmoja, miwili, vifupa vidogo, vidole. Popo ni hivyo hivyo, ila vidole vimerefuka vikashikilia ngozi ya bawa. Fuko anayechimba shambani ni hivyo hivyo. Hata nyangumi, ndani ya kile kinachoonekana kama pezi, ana mpango huo huo. Mwaka 1849 Owen aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo, kuhusu asili ya mikono na miguu ya wanyama wenye uti wa mgongo.

Papa ana pezi na nyangumi ana pezi, na wote huogelea. Mtu wa pwani akiwaona kwa mbali atasema ni ndugu. Mifupa inakataa. Nyangumi ni ndugu wa mbuzi kuliko wa papa.

Ramani au mzazi?

Hapa ndipo palipozuka mgogoro. Kwa nini mbuzi, popo, nyangumi na mtu wawe na mpango mmoja wa mifupa?

Owen alisema kuna ramani ya msingi, aliyoiita akitaipu. Kwa mtazamo wake, hiyo ni fikra iliyokuwa kwa Muumba kabla ya wanyama wenyewe, kama fundi mwenye mchoro mmoja wa nyumba anayejenga duka, ghala na msikiti kwa kubadili vyumba tu. Hakusema kwamba kila mnyama alishushwa ghafla. Alikubali kuwa kuna sheria za maumbile zinazofanya kazi polepole, na kwa hilo baadhi ya watu wa dini walimlaumu mwaka 1849. Lakini kwake homolojia ilikuwa habari ya ramani, haikuwa habari ya ukoo.

Tarehe 24 Novemba 1859 Darwin alitoa kitabu chake juu ya asili ya aina za viumbe. Alichukua kazi ile ile ya Owen, pamoja na mfano wa kibofu na pafu, akaipa maana nyingine. Mpango ni mmoja, alieleza, kwa sababu mzazi wa kale alikuwa mmoja. Mifupa ya mkono wako na ya bawa la popo ni urithi kutoka kwa babu yule yule, kama ndugu wawili wanavyogawana shamba, mmoja akalima kahawa na mwingine akafuga ng'ombe. Ramani ya Owen ikawa mzazi wa Darwin.

Kuanzia hapo neno homolojia lilibadilika maana. Mwaka 1870 mwanasayansi kijana, Ray Lankester, aliona si sawa kuliacha neno la Owen libebe fikra ya Darwin. Alipendekeza neno jipya, homojeni, kwa viungo vilivyorithiwa kutoka kwa babu mmoja, na homoplasia kwa vile vilivyofanana bila kurithiwa hivyo. Homoplasia limebaki. Homojeni halikushika kwa maana hiyo, na wataalamu wakaendelea na homolojia, sasa likimaanisha undugu wa asili moja. Mpaka leo mwanafunzi wa baiolojia anafundishwa neno la Owen kwa maana aliyoikataa Owen.

Aliyewasahau ndugu

Ningependa kuandika kwamba alishindwa kwa heshima, lakini haikuwa hivyo. Mwaka 1860 alichapisha uhakiki mkali wa kitabu cha Darwin bila kuweka jina lake, na humo akawasifia Owen na kazi zake. Darwin alijua ni nani aliyeandika, na urafiki ukaisha.

Si Darwin peke yake. Mwaka 1846 Owen alipewa nishani kwa uchunguzi wa mnyama wa bahari wa kale, bila kumtaja aliyemgundua kabla yake. Daktari Gideon Mantell, aliyemtambulisha Iguanodon kwa ulimwengu mwaka 1825, aligombana naye kwa miaka mingi. Mantell aliumia mgongo katika ajali ya gari la farasi mwaka 1841, akafariki mwaka 1852. Baada ya hapo ilitoka tanzia ya dharau isiyo na jina, ambayo inaaminika iliandikwa na Owen. Uti wa mgongo uliopinda wa Mantell ukawekwa katika makumbusho yale yale ambamo Owen alikuwa akifanya kazi.

Pigo kubwa lilimjia kupitia sokwe. Mwaka 1857 Owen alidai ubongo wa binadamu una sehemu ambazo nyani wakubwa hawana kabisa, na kwa hiyo binadamu awekwe katika kundi lake peke yake. Thomas Huxley, rafiki wa Darwin, alimpinga hadharani. Bongo za sokwe zikapasuliwa, na sehemu hizo zikaonekana zimo. Mwaka 1863 Huxley alikusanya ushahidi katika kitabu, na Owen akashindwa mbele ya wenzake. Mtu aliyekiona kiungo kile kile ndani ya popo na nyangumi hakutaka kukiona ndani ya sokwe, kwa sababu safari hii undugu ulimgusa yeye mwenyewe.

Sokwe wa milima yetu hakumfahamu. Mjerumani Robert von Beringe aliwapiga risasi wawili kwenye mlima Sabinyo mwaka 1902, na hapo ndipo sayansi ya Ulaya ilipowatambua. Mlima huo leo unagawanywa na Rwanda, Uganda na Kongo.

Pamoja na hayo, haki yake apewe. Owen alishikilia kwamba binadamu wote ni aina moja, wakati wako wenzake waliotaka kuwagawa. Kuanzia mwaka 1856 alisimamia makusanyo ya viumbe katika Makumbusho ya Uingereza, akapigania jengo maalumu ambalo hata kibarua angeingia kutazama. Lilifunguliwa tarehe 18 Aprili 1881 huko South Kensington, London. Alistaafu mwishoni mwa 1883, akatunukiwa heshima ya Malkia mwaka 1884, na akafariki tarehe 18 Desemba 1892 akiwa na miaka 88. Alizikwa katika kanisa la Ham, karibu na Richmond. Darwin alitangulia mwaka 1882 na alizikwa Westminster Abbey, pamoja na wakubwa wa taifa.

Ndani ya jengo hilo sanamu zao zilipokezana. Ya Darwin iliwekwa kwenye ngazi kuu mwaka 1885. Mwaka 1927 iliondolewa, ya Owen ikachukua nafasi. Mwaka 2009, miaka 200 tangu Darwin azaliwe, ya Darwin ilirudishwa pale pale.

Sura na ukoo

Kwa nini nawaletea habari hii nyinyi mliorejea kutoka Tanzania, Kongo, Uganda na Burundi, na nyinyi mnaovuka mpaka kila wiki na mizigo? Kwa sababu kosa ambalo neno la Owen linaliponya ndilo lililotuumiza.

Mwaka 1863, mwaka wa kitabu cha Huxley, Mwingereza mwingine, John Hanning Speke, naye alichapisha kitabu cha safari zake. Alikuwa amekaa Karagwe kwa mfalme Rumanyika. Aliangalia sura na vimo vya watu, akajenga nadharia kwamba watawala wa nchi hizi ni kizazi cha wageni kutoka upande wa Ethiopia. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa macho. Baadaye wakoloni walipima pua na vichwa, na katika miaka ya 1930 Wabelgiji wakaandika kabila kwenye vitambulisho. Mwaka 1994 kitambulisho hicho kilikuwa hukumu ya kifo kwa Watutsi, na asiyekuwa nacho alihukumiwa kwa pua yake. Baada ya hapo kipengele cha kabila kiliondolewa.

Ajabu ni kwamba ndani ya nchi ile ile, ukoo mmoja, uwe wa Basinga au Bega au Banyiginya, una watu wa makundi yote. Waliosoma sura hawakuuliza habari hiyo. Walitazama bawa wakasema ndege.

Sisemi kwamba mifupa ya mbuzi inatatua siasa, wala sitaki kuingilia imani ya mtu kuhusu Muumba. Nasema tu kwamba undugu hauamuliwi kwa kutazama. Unatafutwa ndani, kwa subira, na ukipatikana lazima tuukubali hata ukiwa mahali tusipopataka. Sehemu ya kwanza Owen aliiweza kuliko mtu yeyote wa zama zake. Ya pili ilimshinda.

Kuhusu kamongo, yule mama wa Mwaloni alikuwa karibu na ukweli kuliko mimi. Leo inafahamika kwamba pafu lilitangulia, na kibofu cha samaki ni pafu lililobadilika kazi. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2013, na mwingine mwaka 2021, umeonyesha kwamba kati ya samaki wote walio hai, jamii ya kamongo ndiyo iliyo karibu zaidi na sisi wenye mikono na miguu. Kamongo ni ndugu yetu sisi kuliko alivyo ndugu wa sato waliokuwa kwenye kikapu cha pili.

Vikapu vile vilikaa bega kwa bega mezani, vyote vina magamba, vyote vinanuka samaki. Nami mnunuzi nilisimama mbele yake, nikiwa na hakika kwamba wale wawili ndio ndugu na mimi ni mgeni. Siku mbili baadaye nilimlaumu ofisa wa mpakani kwa kufanya hesabu ile ile.